Jibu: Kipande cha kutambua nchi ya mgeni wa tovuti

Mkuu, umeuliza kwa nini kipande chako (web component, yaani elementi ya HTML uliyojitengenezea) kinamwonyesha mteja wa Mbezi, Dar es Salaam, bei za shilingi ya Kenya. Kinachokuponza ni kukisia nchi kwa ukanda wa saa wa kivinjari. Kwenye hifadhidata ya kanda za saa, Africa/Dar_es_Salaam ni jina la ziada tu la Africa/Nairobi, na kivinjari kinaweza kukurudishia hilo la Nairobi. Lugha nayo usiitegemee, simu kibao hapa mjini zimewekwa en-US (Kiingereza cha Marekani).

Nchi itoke kwenye seva. Ukiwa nyuma ya Cloudflare (huduma inayopokea maombi kabla ya seva yako), kichwa cha ombi CF-IPCountry kinaleta msimbo wa nchi, TZ au KE. XX maana yake haijulikani, T1 ni mtu wa Tor, mtandao wa kuficha alipo mtumiaji. Tengeneza njia ndogo kwenye seva, /nchi, irudishe msimbo huo, na uiwekee Cache-Control: no-store, yaani jibu lisihifadhiwe popote. Usiichape nchi ndani ya ukurasa wenyewe: ukurasa ukiingia kwenye kashe (nakala inayohifadhiwa na kugawiwa wageni wengine), mgeni wa kwanza kutoka Nairobi anawagawia wote nchi yake.

Sasa kipande chenyewe, ndicho kitakachoisoma /nchi. Jina la elementi yake lazima liwe na kistari, mfano nchi-mgeni. Mbinu ya connectedCallback huitwa kila elementi inapopachikwa upya ukurasani, kwa hiyo matokeo ya fetch (ombi la kwenda /nchi) yahifadhi nje ya klasi ya elementi. Vipande 10 vitumie ombi 1. Tukio (event) unalorusha kutoka ndani ya DOM ya kivuli, yaani sehemu ya ndani ya elementi iliyotengwa na ukurasa, lipe bubbles na composed, zote true, la sivyo halifiki kwenye ukurasa. Na kabla ya kusajili elementi kwa customElements.define angalia kwanza kwa customElements.get kama jina limeshasajiliwa, maana kusajili jina lile lile mara mbili ni kosa.

Anayetumia VPN, inayomwonyesha kama yuko nchi nyingine, humpati. Mwekee menyu achague mwenyewe, na chaguo lake liishinde seva.