Urusi ilimlinda Assad, haikuilinda Syria

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: taifa kubwa linapompa mshirika wake silaha na kumkingia kifua katika Umoja wa Mataifa, je, linaisaidia nchi au linamsaidia mtawala? Najua wengi watawajibu kwa kuitaja Marekani, na hawatakosea. Ndege za Saudi Arabia zilizoishambulia Yemen kuanzia Machi 2015 zilijazwa mafuta angani na Wamarekani hadi Novemba 2018. Mimi nachagua Urusi na Syria, kwa kuwa kisa hicho tumekishuhudia mpaka mtawala alipoanguka.

Urafiki wao ni wa zamani. Wasovieti waliingia bandari ya Tartus mwaka 1971, na mwaka 1980 rais wa Syria Hafez al-Assad akatia saini mkataba wa urafiki na Moscow. Silaha na mafunzo ya maofisa vilitoka huko. Mwaka 2005, mwanawe Bashar akiwa amekwisha kurithi kiti cha baba yake, Urusi ilikubali kuifutia Syria karibu robo tatu ya deni la zaidi ya dola bilioni 13. Kwa hiyo wananchi walipoingia barabarani Machi 2011 na serikali ikawajibu kwa risasi, Moscow ilikuwa na mengi ya kulinda pale.

Urusi ilikuwa na hoja yake, na hapa Afrika hoja hiyo ina wasikilizaji wengi. Machi 17, 2011 Baraza la Usalama lilipitisha azimio la kuwalinda raia wa Libya. Urusi haikulipinga, ilijizuia kupiga kura tu. Nigeria, Afrika Kusini na Gabon ziliunga mkono. Umoja wa Afrika ulikuwa umeteua viongozi wa nchi tano, Rais Museveni akiwa mmoja wao, watafute suluhu ya mazungumzo. Hawakusikilizwa. NATO ikaendelea kupiga mabomu mpaka Gaddafi akaondolewa, na Oktoba akauawa. Urusi ikasema haidanganywi mara ya pili. Mimi pia naamini Libya ilikuwa dhuluma kwa Afrika nzima. Lakini aliyeumizwa na Libya hapati kwa sababu hiyo ruhusa ya kuwafungia njia watu wa Homs na Aleppo, miji ya Syria, ambao hawakuwa na mkono wowote katika yaliyompata Gaddafi.

Tazameni ni mambo gani yaliyozuiwa. Urusi ilitumia kura ya turufu, yaani haki ya mjumbe wa kudumu wa Baraza la Usalama kuzuia azimio peke yake, kuhusu Syria zaidi ya mara 15, ya kwanza ikiwa Oktoba 4, 2011, na mara kadhaa China ilikuwa pamoja nayo. Mei 2014 wajumbe 13 kati ya 15 walitaka makosa ya pande zote yapelekwe Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, yaani ya serikali na ya waasi pia. Ikazuiwa. Oktoba 2016 lililetwa azimio la kusitisha mashambulizi ya anga Aleppo; likazuiwa na nchi ambayo ndege zake zenyewe zilikuwa zinashambulia. Novemba 2017 zamu ikawa ya wachunguzi wa silaha za kemikali, wiki chache tu baada ya kuripoti kwamba serikali ya Syria ndiyo iliyohusika na gesi ya sarini iliyoua watu katika mji wa Khan Shaykhun. Muda wao wa kazi haukuongezwa.

Vita vya angani vinajulikana zaidi, sitavirefusha. Ndege za Urusi zilianza kushambulia Septemba 30, 2015 kutoka kambi ya Hmeimim karibu na Latakia, wakati jeshi la Assad likiwa limepungukiwa na askari kiasi cha yeye mwenyewe kukiri hadharani. Desemba 2016 Aleppo yote ikarudi mikononi mwake. Mwaka uliofuata Putin alitembelea Hmeimim, na zipo picha za video ambazo kila anayejiuliza swali lenu angezitazama. Putin anatembea mbele. Assad anataka kumfuata, ofisa wa Kirusi anamshika mkono na kumzuia. Rais anazuiwa na askari wa kigeni ndani ya nchi yake mwenyewe!

Lakini jambo linaloniuma kuliko yote ni la Bab al-Hawa, kivuko cha mpaka kati ya Uturuki na mkoa wa Idlib. Kaskazini-magharibi kulikuwa na watu zaidi ya milioni 4, wengi wao wamekimbia makwao mara mbili au tatu na wanaishi katika mahema. Mwaka 2014 Baraza la Usalama liliruhusu misaada ya Umoja wa Mataifa ipite katika vivuko vinne bila kibali cha Damascus. Shehena ilikaguliwa Uturuki ikipakiwa, malori yakafungwa kwa lakiri, na pale mpakani mzigo ukahamishwa kwenye malori ya Kisyria: chakula, dawa, mablanketi. Urusi ikaanza kubana. Januari 2020 vivuko vikabaki viwili, Julai mwaka huohuo kikabaki kimoja. Julai 8, 2022 wajumbe 13, Kenya ikiwemo, walitaka kibali cha mwaka mzima. Urusi ikapinga, kikatolewa cha miezi sita. Miezi sita maana yake kilikwisha katikati ya baridi ya Januari, na mwenye duka la dawa kule Idlib hakujua kama mwezi ujao atapata insulini.

Kisha likaja tetemeko la Februari 6, 2023. Nyumba zilianguka pande zote mbili za mpaka. Uturuki ilipokea waokoaji na mashine kutoka duniani kote. Idlib watu walifukua vifusi kwa mikono, wakisikia sauti za ndugu zao chini zikififia. Barabara ya kwenda kwenye kivuko kile kimoja ilikuwa imeharibika, na Umoja wa Mataifa haukuwa na ruhusa ya kingine. Malori yake ya kwanza yaliingia Februari 9. Yalikuwa sita. Mkuu wa misaada wa Umoja wa Mataifa, Martin Griffiths, alifika mpakani na kukiri kwamba watu wale walikuwa wameangushwa. Februari 13 ndipo Assad alipokubali vifunguliwe vivuko viwili zaidi, na wakati huo waliokuwa chini ya vifusi walikwisha kufa. Julai mwaka huohuo Urusi ikapiga turufu tena, juu ya kivuko hichohicho. Sijaona hoja ya uhuru wa nchi inayoweza kulisafisha jambo hili.

Mwisho uliwajia haraka. Waasi walianza kusonga mbele Novemba 27, 2024, na Desemba 8 walikuwa Damascus. Urusi, ikiwa imejifunga na vita vya Ukraine, haikuweza au haikutaka kumwokoa tena. Ilichofanya ni kumchukua yeye na familia yake na kuwapa hifadhi Moscow. Askari wa Assad waliachwa wakivua sare barabarani, wafungwa wakitoka gereza la Sednaya. Oktoba 2025 Ahmed al-Sharaa, kiongozi wa waasi hao, ambaye wapiganaji wake walipigwa mabomu na Urusi kwa miaka, alipokelewa Kremlin kama rais. Basi jibu langu ni mtawala, na bandari na kambi kabla yake.

Naongeza dai moja kwa serikali zetu. Tangu 2005 msimamo wa Umoja wa Afrika ni kwamba turufu ni mbaya kimsingi, ila maadamu ipo, viti viwili vya kudumu tunavyodai katika Baraza la Usalama viwe nayo. Tudai viti, maana ni haki yetu. Turufu tuikatae kabisa, tena tulitamke hilo kabla ya kupewa viti, kwa sababu baada ya hapo kila rais wa bara hili mwenye jirani rafiki atataka itumike kwa ajili yake, na Bab al-Hawa ya safari hiyo itakuwa mpakani kwetu.