Fimbo ya Pili Ndiyo Inayojenga Jina

Assalaam aleikum, Mhariri. Swali lenu la wiki hii lauliza: mtengenezaji wa fimbo za gofu hupataje jina kwa wachezaji wa kulipwa? Wengi watajibu kuwa chema chajiuza. Kwenye gofu hakijiuzi. Wachezaji wakubwa hulipwa kwa mkataba, hivyo fimbo aliyoishika bingwa kwenye televisheni haithibitishi kitu. Wanaoujua mchezo huwatazama wasiokuwa na mkataba: hao wamechukua ya nani?

Kinachowavuta hao ni fimbo ya pili kuwa sawa na ya kwanza. Mchezaji haruhusiwi kuzidisha fimbo 14. Ikipasuka moja Alkhamisi, Ijumaa asubuhi anataka pacha wake, si binamu yake. Na upacha huo hupimwa. Fimbo za chuma hupishana kiasi cha digrii 4 za mwinamo wa uso, na baina ya moja na nyengine mpira hutofautiana yadi 10 hadi 15. Digrii 1 ikikosewa kiwandani, zimekwenda yadi kama 3, na mpira unaingia bwawani. Pembe ya mpini na ardhi nayo ina yake: kichwa kikisimama mno, anayepiga kwa mkono wa kulia mpira humkimbilia kushoto. Hata uzani, gramu 2 zikiongezwa kichwani zinatosha kusogeza mizani ya fimbo, yaani kipimo cha uzito wa kichwa unavyosikika mkononi, alama nzima.

Ndiyo maana kampuni hupeleka gari la karakana kwenye mashindano. Kabla mechi hazijaanza, humo hukatwa mipini, hubadilishwa mishiko, na vichwa hubanwa kwenye jiliwa vikapindwa. Chuma laini cha kufuliwa hukubali kupindwa digrii 1 au 2; kile kigumu cha kumiminwa, ukikilazimisha, huweza kukatika shingoni. Lakini ulaini una deni lake. Mazoezi ya kila siku kwenye ardhi ngumu huupotosha mwinamo pole pole bila ya mwenyewe kujua, basi fundi wa maana hupima upya kabla hajaombwa. (Na kwa upepo wa chumvi wa Mangapwani, chuma hicho kisipopakwa kromu hushika kutu upesi, seuze kikilazwa kwenye mfuko uliolowa.)

Mwengine atalalamika kuwa draiva yake, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, inalia vibaya. Fundi humimina ndani gundi ya moto, gramu chache tu, kupitia tundu dogo. Sauti hutulia na vipande vilivyokuwa vikigongagonga hunasa humo. Msiione kazi hii ya urembo. Sikio nalo humwambia mchezaji kama amepiga katikati.

Pa kulipoteza jina ni hapo hapo kwenye draiva. Uso wa titani hubonyea ukarudi, ndipo mpira ukaruka. Kanuni zimeuwekea mpaka: kipira cha chuma hugongeshwa usoni, na muda wa kugusana usizidi maikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 239, na juu yake 18 za uvumilivu. Tatizo ni kwamba uso ukipigwa sana huweza kulegea na kuuvuka mpaka wenyewe. Kiwanda kinachotoa fimbo iliyokaa ukingoni kabisa kinamuuzia mchezaji miezi michache ya raha. Kwenye mashindano makubwa ya Open ya 2019, uwanja wa Royal Portrush kule Ireland ya Kaskazini, draiva ya Mmarekani Xander Schauffele ilipimwa ikakutwa imevuka, akabaki kutafuta nyengine mashindano yakiwa mlangoni.

Aliyeanza bila ya mkataba wala gari ni Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norwei aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Mwaka 1959 alitengeneza fimbo ya kuviringishia mpira shimoni, uzani kausukuma kwenye ncha mbili za kichwa ili ikigusa pembeni isizunguke mkononi. Ilipogonga ililia “ping”, na hilo likawa jina la kampuni. Akawa anaipeleka mwenyewe kwenye viwanja vya mazoezi, akiwapa wachezaji waijaribu, akisikiliza wanachokikataa, akirudi kuchonga. Mchezaji wa kulipwa Julius Boros aliposhinda mashindano ya Phoenix Open kwa fimbo ya Solheim iitwayo Anser, ilikuwa 1967: miaka minane tangu ile “ping” ya kwanza.

Msomaji wenu, Unguja