Ndiyo, mwandishi wa vita apewe tuzo ya kazi ya maisha

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: je, mtu aliyemaliza umri wake akiandika habari za vita na majeshi anastahili tuzo ya fasihi, au tuzo hizo waachiwe washairi na watunzi wa riwaya? Nasema anastahili, tena apewe kwa kazi ya maisha yake yote, si kwa kitabu kimoja.

Tuzo ya namna hiyo ipo. Hutolewa na Maktaba na Makumbusho ya Kijeshi ya Pritzker, iliyoanzishwa Chicago, Marekani, mwaka 2003 na Jennifer Pritzker, kanali mstaafu. Mshindi hupata nishani na dola 100,000. Wa kwanza, mwaka 2007, alikuwa James McPherson, bingwa wa historia ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani.

Kwa nini maisha yote? Vita huisha, lakini karatasi zake hubaki zimefungiwa miaka na miaka, na mwandishi hana budi kuzisubiri. Mtazameni Gerhard Weinberg, aliyetunukiwa mwaka 2009. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1928 katika familia ya Kiyahudi, nao wakaukimbia utawala wa Hitler. Baadaye, akiwa mtafiti Marekani, alishughulikia nyaraka za Kijerumani zilizotekwa vitani na kuwekwa Alexandria, Virginia, katika jengo lililokuwa kiwanda cha topido. Amri, ripoti, barua za maofisa, faili juu ya faili, zote zilitakiwa kupangwa na kupigwa picha kwenye mikrofilamu kabla hazijarudishwa kwa wenyewe. Katika shehena hiyo, mwaka 1958, aliukuta mswada wa kitabu cha pili cha Hitler, ambacho Hitler mwenyewe hakuwahi kukichapisha. Na kitabu kikubwa cha Weinberg kuhusu Vita Kuu ya Pili, kinachoitazama dunia nzima kwa pamoja, kilitoka mwaka 1994. Tuzo ya kitabu bora cha mwaka ingeipimaje kazi iliyochukua muda wote huo?

David Glantz naye, mshindi wa 2020, ni kanali mstaafu aliyeisoma vita ya Ujerumani na Urusi kupitia nyaraka za Kisovieti. Kabla ya hapo wasomaji wa Magharibi walikuwa wakiyapokea mengi ya vita ile kutoka kwa majenerali wa Kijerumani walioshindwa, watu waliokuwa na kila sababu ya kumtupia lawama Hitler na baridi ya Urusi.

Lakini uteuzi ninaoupenda kuliko yote ni wa 2013, alipopewa Tim O'Brien. Huyu si mwanahistoria. Alipigana Vietnam akiwa askari wa miguu, akarudi akaandika riwaya na hadithi. Katika hadithi yake inayojulikana zaidi anataja, kimoja kimoja, vitu walivyobeba askari: bunduki, risasi, chakula cha kopo, barua za msichana, pamoja na uzito wa kila kimoja. Hakuna ramani ya mapigano itakayokueleza hayo. Kamati ilifanya vyema kutomwacha nje eti kwa kuwa ni mtunzi.

Najua wapo wanaohofia kwamba tuzo kama hii huishia kuitukuza vita. Wasome vitabu vyenyewe. Antony Beevor, aliyetunukiwa 2014, aliandika kuhusu mapigano ya Stalingrad, mji wa Kisovieti, katika Vita Kuu ya Pili, na anayemaliza kitabu kile hatamani vita.

Na yapo yanayotugusa sisi. Hew Strachan, mshindi wa 2016, alichapisha mwaka 2004 kitabu kuhusu Vita Kuu ya Kwanza barani Afrika, vita iliyozagaa katika ardhi yetu tangu 1914 hadi Lettow-Vorbeck, kamanda wa Kijerumani, aliposalimu amri Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo, barabara hazikuwepo, basi kila sanduku la risasi na kila gunia la unga lilipanda kichwani mwa mtu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa. John Morrow, Mmarekani mweusi aliyetunukiwa 2019, aliieleza vita hiyohiyo kama vita ya madola yenye makoloni, si ugomvi wa Wazungu peke yao.

Hapa ndipo penye malalamiko yangu. Orodha ya washindi imejaa Wamarekani na Waingereza. Wapo watafiti wetu waliokwenda vijijini na kuwahoji wazee waliobebeshwa mizigo ile, au watoto wao, wakaandika walichosikia. Kazi hiyo nayo ni uandishi wa kijeshi, nayo humla mtu miaka. Kama ningekuwa na sauti katika kamati ile, ningeomba watafutwe hao, hata kama vitabu vyao havikuandikwa kwa Kiingereza.