Kichupa cha asali kwenye Coaster ya Tukuyu

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mkulima wa chai na ndizi, nina miaka 36. Mwaka wa tatu huu tunatafuta mtoto. Mke wangu kapimwa, hana tatizo. Nami nikapima shahawa Mbeya mjini: ujazo mililita 0.7, mbegu chache, nyingi hazitembei. Sampuli niliitoa nyumbani alfajiri kwenye kichupa cha asali nilichokiosha, nikapanda Coaster. Nilipoanza kuitoa, ya mwanzo ilimwagika kidogo. Jirani ananiuzia unga wa mizizi wa kuongeza maji, elfu arobaini. Ninunue? — Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba, baba. Usinunue. Hela hiyo iweke kwa ajili ya kipimo cha pili, maana hicho cha kwanza mimi sina la kusoma ndani yake.

Hako "kidogo" kalikomwagika ndiko kanakoniuma. Mbegu nyingi hutoka na shahawa za mwanzo kabisa, kwa hiyo ulimwaga mbegu na ujazo kwa mkupuo mmoja. Mabaki ya sabuni kwenye kichupa nayo huua mbegu. Halafu sampuli inatakiwa ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa na joto la mwili. Coaster ya kusimama kila penye mkungu wa ndizi, Kiwira, Isyonje, mpaka Uyole, saa hiyo imeshapita. Na baridi ya Isyonje alfajiri unaijua mwenyewe. Mbegu zikipigwa nayo zinazubaa, mtu wa darubini anaandika hazitembei.

Rudia hivi: usifanye tendo kwa siku mbili hadi saba (mimi huwaambia watu tatu au nne). Lala Mbeya kwa ndugu. Utolee hapo hapo hospitali, kwenye kopo lao, kwa mkono, bila mafuta, mate wala kondomu. Ikimwagika, sema. Wale wa maabara wameshazoea, hawakucheki.

Mwongozo wa WHO wa 2021 unaweka kiwango cha chini mililita 1.4, na mbegu milioni 16 kwa kila mililita. Ni vitu viwili tofauti. Maji yale kwa sehemu kubwa hutoka kwenye vifuko vya shahawa nyuma ya kibofu, mengine kwenye tezi dume. Korodani huchangia kiasi kidogo mno. Unaweza kutoa maji tele yasiyo na mbegu hata moja, kwa hiyo unga wa jirani, hata kama ungeongeza maji, haukupi mtoto.

Ujazo ukitoka mdogo tena, daktari atakuuliza: una kisukari? Uliwahi kupasuliwa tezi dume, au unameza dawa yake kama tamsulosini? Mkojo baada ya tendo una ukungu? Hapo huenda shahawa zinarudi kibofuni, na mkojo huo huo ndio unaopimwa kutafuta mbegu. Vinginevyo kuna mirija iliyoziba, au homoni zimeshuka. Ila usikimbilie sindano za testosteroni kwa ushauri wa kijiweni: zinazima utengenezaji wa mbegu.

Ukianza tiba yoyote, kipimo cha kuangalia maendeleo ni baada ya kama miezi mitatu, maana mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa.

Na huyo mama "hana tatizo", ukiandika tena niambie alipimwa nini hasa. Mirija? Kupevuka kwa yai? Au walimpima UTI wakamrudisha nyumbani?