"Pesa baadae": Bili ya mazishi tumeletewa baada ya kuzika, je tulipe yote?

SWALI: Asalaam aleikum sheikh. Mamangu alifariki usiku wa kuamkia Jumatano hapa Kisauni, Mombasa. Jamaa mmoja anaepanga mambo ya mazishi alikuja akatwambia "nyinyi shughulikeni na msiba wenu, pesa baadae". Tumetoka makaburini tu katuletea elfu arubaini na sita, ya sanda, kuosha, gari, viunza (mbao za kaburini), na "atari ya Madina", yaani manukato, peke yake elfu tatu. Dadangu aliekuwa ndani kwenye kuosha asema ile chupa chini ilikuwa na kibandiko cha duka, 350. Babangu yuko hai, na tuna mdogo wetu wa miaka 11. Ndugu wengine wasema tutoe kwa pesa alizowacha mama, wengine wasema tusilipe hata senti. Twafanyaje?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah amrehemu mama yenu, amsamehe, na awape nyinyi subra.

Nianze na hilo neno "pesa baadae", manake shida yote imezaliwa hapo. Mtu akifiwa hana akili ya kuuliza bei, na sisi tumefunzwa kuharakisha maiti, na kweli Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tuharakishe jeneza, Bukhari na Muslim wameipokea, lakini ile haraka ni haki ya maiti, si nafasi ya mtu kuficha bei. Mimi nimeshaona kwa macho yangu pale makaburi ya Kikowani, kijana hajamaliza hata kupangusa udongo mikononi, avutwa pembeni ya ukuta aonyeshwa hesabu kwenye simu, na yeye aitikia tu, ndio, ndio, kwa sababu aona haya kubishana juu ya mamake. Iliniuma sana siku ile.

Sasa hukmu. Kwa madhehebu yetu ya Kishafii, ukimfanyia mtu kazi ya ujira na bei haikutajwa, huwezi kuja baadae ukajitajia unachotaka. Haki yako ni ujira wa mfano, yaani kile ambacho watu wa kazi hio hapa mjini hulipwa kwa kazi kama hio. Na vitu vilivyotumika, bafta ya sanda, pamba, karafuu maiti, viunza, mtalipa thamani yake ya sokoni. Kwahivyo wanaosema msilipe hata senti wamekosea, wale akina mama waliomuosha wamefanya kazi nzito na kuchukua ujira wa kuosha au kuchimba kaburi kwafaa, msiwadhulumu wao kwa kosa la aliewaleta. Ulizeni wauzaji wawili watatu wa sanda, muulizeni na imamu wa msikiti wenu watu hutoa kiasi gani, mtapata hesabu ya haki.

Ama ile atari. Mtume alipita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vyake vikakuta majimaji, akamuuliza mwenyewe ni nini hii, akasema anaetughushi si katika sisi. Dadako nae amegeuza chupa akaona kibandiko. Mimi nimesikia upande mmoja tu, basi muulizeni jamaa kwanza, lakini ikiwa ni atari ya dukani kwa 350 na mkaambiwa yatoka Madina, hio ni ghishi na ile ziada ni haramu kwake. Na mjue hata ingekuwa ya Madina kweli si lazima, sanda ya mwanamke ni vipande vitano vya nguo nyeupe safi, yatosha, sahaba Mus'ab bin Umayr (r.a.) alizikwa na shuka moja, wakimfunika kichwa miguu yabaki wazi, mpaka miguu ikafunikwa kwa majani, na yeye alikufa shahidi katika vita vya Uhud.

Nani alipe? Mama alikuwa na mume, na kwa Kishafii gharama ya kumkafini na kumzika mke iko juu ya mume wake, hata kama mke ana mali. Kwahivyo ni mzee, ikiwa ana uwezo. Akishindwa ndio itoke katika alichowacha mama, kabla ya deni na kabla ya wasia. Lakini chakula cha matanga na hitma hakiingii hapo kabisa! Huyo mdogo wenu wa miaka 11 ana fungu lake na hawezi kutoa ruhusa, na ijapokuwa babake yuko hai, muogope aya ya 10 ya Suratun Nisaa, isemayo wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma hula moto matumboni mwao. Biriani ya wageni isitoke kwa fungu la mtoto.

Na nyinyi mnaofanya kazi hii, nawaomba kwa Allah, andikeni bei, sanda kiasi fulani, gari kiasi fulani, mumpe mtu karatasi kabla hamjagusa kitu. Marekani tangu 1984 sheria yawalazimisha wenye nyumba za mazishi kutoa bei ya kila kitu mbali mbali, hata kwa mtu anaeuliza kwa simu, na hapa kwetu Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 46 yampa mnunuzi haki ya kupewa maelezo. Sisi wenye Suratul Mutaffifin, sura inayowaonya wanaopunja watu kwenye vipimo, twangoja nini? Muosha huoshwa.

Ndugu yangu, mukienda kwa huyo jamaa nendeni na mtu mzima wa msikiti awe shahidi, musende kwa ugomvi, na dadako aende na ile chupa. Mukikubaliana, iandikwe imelipwa na imekwisha, asije akamdai tena mzee.

Wallahu aalam.