Magnum na ile risasi ya Ivan: mimi namtetea Bellisario

Mkuu, umeuliza kama Magnum alijivunjia heshima pale alipompiga risasi Ivan, mtu asiye na silaha, mwishoni mwa "Did You See the Sunrise?", episodi ya sehemu mbili. Magnum, P.I., ile tamthilia ya Marekani ya mpelelezi binafsi, nimekua nayo tangu enzi za kanda za video, na mwisho huo kaka yangu na mimi tumeubishania miaka nenda rudi. Yeye anasema ule ni uuaji. Hapo simpingi. Ninachokataa ni hoja yake kwamba mwandishi, Donald Bellisario, aliharibu kazi.

Anza na Mac. Huyu luteni wa jeshi la majini ndiye aliyekuwa akimchomolea Magnum taarifa za ofisini, na alihongeka kwa chakula tu. Tulimzoea kama mtu wa kutuchekesha. Halafu Septemba 1982 msimu wa 3 unafunguliwa, anaingia kwenye Ferrari ya Magnum, bomu linalipuka. Lilikuwa limekusudiwa kumuua Magnum. Mimi niliumia kama nimefiwa kweli.

Aliye nyuma ya hayo ni Ivan, kanali wa KGB, shirika la ujasusi la Urusi ya Kisovieti, aliyewatesa Magnum na rafiki yake rubani T.C. walipokuwa mateka wakati wa vita vya Vietnam. T.C. alipandikizwa amri kichwani bila kujijua, ili siku ikifika atumie helikopta yake kumuua mwanamfalme wa Japani. Njama inavunjwa, lakini Ivan anaachiwa aende zake.

Sasa tazama vizuri ile dakika ya mwisho. Ivan anamwambia Magnum kwamba hawezi kumpiga risasi, maana yeye Ivan anamjua kuliko mama yake mzazi: angempiga kama Ivan angekuwa na silaha na anamjia, lakini hivi, kamwe. Anaanza kuondoka. Magnum anamwita na kumuuliza kama aliliona jua likichomoza asubuhi ile. Ivan anajibu: ndiyo, kwa nini? Magnum anageuka na bastola, mlio unasikika, picha inaganda kwake. Maiti hatuonyeshwi.

Alichosema Ivan ndicho tulichokuwa tukiamini sisi watazamaji kuhusu wapelelezi wote wa runinga. Ingekuwa rahisi sana kumpa Ivan kisu mfukoni ili sote tulale vizuri. Bellisario alikataa, akatuachia mtu tunayempenda akiwa na damu mikononi. Na kumbuka, miaka ile runinga ya Marekani ilizoea kuwaonyesha askari waliotoka vita vya Vietnam kama vichaa. Magnum alikuwa mzima wa akili, mcheshi, ana marafiki, na bado vita ilikuwa ndani yake. Ndiyo maana risasi ile inatisha.

Ila usianzie hapo. Tazama kwanza episodi ya ufunguzi ya 1980, kisha "Memories Are Forever" ya msimu wa 2, inayomhusu mkewe Michelle. Ukitoka huko ndipo umfuate Ivan, na sehemu zote mbili uzitazame kwa mkupuo mmoja.