Kiklingoni hakina -li- wala -ta-

SWALI: Huu ni mwezi wangu wa tatu najifunza Kiklingoni. Kila ninapotaka kusema jambo lililopita naweka -pu', kama tunavyoweka -li- kwetu. Mwenzangu anasema nakosea, ila hawezi kunieleza kwa nini. Wakati uliopita unasemwaje? Na ujao je?

JIBU: Mwenzako amesema kweli. Marc Okrand, aliyeitunga lugha hii kwa ajili ya filamu za Star Trek na kuitolea kamusi mwaka 1985, hakuiwekea njeo, yaani alama ya wakati kwenye kitenzi, hata moja. jIQuch ni "nina furaha", na ni "nilikuwa na furaha", na ni "nitakuwa na furaha". Wakati hutajwa kwa neno lake lenyewe, mwanzoni mwa sentensi: wa'Hu' jIQuch, jana, DaHjaj jIQuch, leo, wa'leS jIQuch, kesho. Kitenzi hakiguswi hata herufi.

Maneno hayo ya siku nayapenda mno. wa' ni moja, Hu' ni siku zilizopita, leS ni siku zijazo. Badilisha namba tu: cha'Hu' ni juzi, cha'leS keshokutwa, wejleS mtondo, loSleS mtondogoo. Nilipokuwa nakariri loSleS ndipo nilipoanza tena kusema mtondogoo, neno nililokuwa nimeliacha miaka mingi. Kwa miaka kuna ben na nem: vagh ben ni miaka 5 iliyopita, vagh nem ni miaka 5 ijayo.

Sasa hiyo -pu' yako. Inasema tendo limekamilika; lini, haisemi. Kwetu jamaa yake ni -me-. Ndiyo maana wa'leS jIpawpu' ni sentensi nzuri kabisa: "kesho nitakuwa nimefika". Nami niliwahi kuandika wa'Hu' jIQuchpu' nikikusudia "jana nilikuwa na furaha", na aliyenifundisha akaikata -pu' kwa kalamu, kwa kuwa nilikuwa naieleza furaha kama jambo lililokwisha kutimia. Tangu hapo, kabla ya kuiandika, huuliza kwanza kama tendo limefika mwisho.

Ndugu zake ni watatu. -ta' ni ya jambo lililokusudiwa na likatimizwa. -taH ni ya linaloendelea: wa'Hu' jIQongtaH, "jana nilikuwa nimelala usingizi", bila kusema niliamka lini. -lI' nayo ni ya linaloendelea, lakini kuelekea mwisho unaojulikana. Kombora likikaribia, choltaH inasema linakaribia tu. Lakini chollI' inasema shabaha yake inajulikana. Kwa baharia aliyesimama kwenye usukani, tofauti hiyo si ndogo.

Anza mazoezi na swali la saa: 'arlogh Qoylu'pu'? Neno kwa neno, "imesikika mara ngapi?" Itazame -pu' mwishoni mwake, na uone inavyofanya kazi ya -me- ile ile ya "imesikika".